Mapenzi, koltani na wadukuzi: hadithi ya kesho yenye makazi milima ya Burundi

Simu nyingi zinazouzwa Rumonge, Uvira, Kigoma na Kigali zina vipande vidogo kuliko punje ya mtama, kazi yake kuhifadhi umeme na kuutoa kwa kipimo. Baadhi ya vipande hivyo hutengenezwa kwa tantali, metali inayochujwa kutoka jiwe jeusi linaloitwa koltani. Muuza simu hulipima jiwe hilo bila kuliona. Anajua bei ya simu, bei ya kioo na bei ya chaja. Bei ya jiwe lililomo ndani haimhusu.

Kuna filamu inayoanzia hapo hapo, kwenye jiwe. Inaitwa Neptune Frost. Ni hadithi ya kisayansi ya vijana, ina msako, ina muziki, na moyo wake ni mapenzi ya watu wawili waliokimbia kila mmoja kutoka upande wake. Haitokei New York wala Tokyo. Hadithi yake imewekwa kwenye milima ya Burundi, na wahusika wake wanazungumza Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakiruka kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja, kama wanavyofanya wachuuzi sokoni Rumonge kila asubuhi.

Kwa mtu wa Magara, hilo peke yake ni habari.

Usiku wa mwezi mkubwa

Magara iko kwenye barabara ya taifa namba 3, inayoshuka kutoka Bujumbura na kufuata ufuko hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni ziwa, na katikati pamebaki nafasi ya barabara, nyumba na migomba. Siku ya hewa safi milima ya Congo huonekana ng'ambo. Maisha ya hapo hupangwa na ndagala, mukeke na mawese, na kalenda ya wavuvi hupangwa na mwezi. Mwezi ukiwa mchanga, mitumbwi hutoka na taa zake, na ziwa usiku hufanana na mji uliojengwa juu ya maji. Mwezi ukijaa, taa hazimdanganyi samaki tena, na mitumbwi hupumzika.

Hizo ndizo siku za muvi. Kijana analipa kidogo kibandani, anajaziwa memori kadi, na nyumbani simu moja inatazamwa na vichwa vinne. Ladha yao inajulikana kwa kila anayeuza: mapigano, msako, kijana mmoja dhidi ya wakubwa, na msichana ambaye haji kupamba tu bali naye anapigana. Wanapenda dunia ya kesho iliyoharibika ambayo vijana wanalazimika kuitengeneza upya. Riwaya ya The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka Marekani mwaka 2008 na kufanywa filamu mwaka 2012, ilitajirisha wachapishaji kwa mtindo huo huo, na nyuma yake ukaja msururu wa hadithi zilizofuata nyayo.

Lugha ya muvi hizo ni ya mbali, na hapo Afrika Mashariki ikajiwekea ufundi wake. Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza utani na maelezo yake. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana mavijei wao. Rwanda filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, yaani zilizofafanuliwa. Msimulizi huichukua hadithi ya watu wengine na kuileta barazani. Lakini hata akisimulia vizuri namna gani, mlima unaoonekana nyuma ya mwigizaji unabaki kuwa mlima wa kwao.

Neptune Frost imegeuza njia hiyo. Mlima ni wa hapa, na anayehitaji maandishi ya tafsiri chini ya picha ni mtazamaji wa London.

Matalusa na Neptune

Hadithi yenyewe inaanza mgodini. Ndugu wawili wanachimba koltani chini ya usimamizi wa watu wenye silaha. Mmoja, Tekno, anasimama kidogo na kulitazama jiwe aliloliokota, kana kwamba analiuliza litakwenda wapi. Kwa kosa hilo la kusimama anauawa. Ndugu yake, Matalusa, anamzika na kuondoka bila kujua aendako.

Upande mwingine kuna Neptune, mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia zote mbili. Naye anakimbia, baada ya mtu wa dini anayeheshimiwa kijijini kujaribu kumdhulumu mwili. Safari inambadilisha, na waongozaji wameionyesha safari hiyo kwa kuwapa waigizaji wawili nafasi moja: Elvis Ngabo mwanzoni, kisha Cheryl Isheja.

Njia za wakimbizi hao wawili zinakutana Digitaria, kijiji kilichofichika ambacho kuta zake zimejengwa kwa mabaki ya kompyuta. Wanaokaa humo ni vijana waliofukuzwa na vita, migodi na shule. Wamejipa majina kama Memory na Psychology. Wana ujuzi wa kudukua mitambo lakini hawana nguvu ya umeme ya kutosha kufika popote. Neptune anapofika, na mapenzi yake na Matalusa yanapowaka, mitambo nayo inawaka. Kutoka hapo wadukuzi wa kijiji kisichokuwa kwenye ramani wanaingia katika mitandao ya dunia nzima, na dunia inaanza kuwatafuta.

Yaliyobaki ni ya mtazamaji mwenyewe. Itoshe kusema kwamba mapenzi katika filamu hii hayakuwekwa kama sukari juu ya chai. Ndiyo injini. Yakitolewa, mitambo inazima na hadithi inakufa. Hapo ndipo inapozishinda nyingi za aina yake, ambazo huwapa vijana busu moja kati ya mapigano mawili na kuendelea na safari.

Waliotengeneza

Waongozaji ni mume na mke: Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na Anisia Uzeyman, mwigizaji na mpigapicha mzaliwa wa Rwanda. Wazo lilianza kama mradi wa muziki, na albamu ya Williams ya mwaka 2016, MartyrLoserKing, ilitangulia kubeba mhusika na dunia yake. Jina Matalusa lenyewe ni mchezo wa masikio: ni maneno hayo ya Kiingereza yakitamkwa kwa ulimi wa hapa.

Picha zilipigwa Rwanda mapema mwaka 2020, na filamu ikaonyeshwa mara ya kwanza Julai 2021 huko Cannes, Ufaransa, katika kitengo cha Wiki Mbili za Waongozaji. Miongoni mwa wasanii wake wamo Warundi. Anayeigiza Matalusa ni Bertrand Ninteretse, rapa wa Burundi anayejulikana kwa jina la Kaya Free. Memory anaigizwa na Eliane Umuhire wa Rwanda. Mavazi na mandhari vilibuniwa na Cedric Mizero, msanii wa Rwanda, aliyechukua vitufe vya kompyuta, nyaya na takataka nyingine za umeme akavigeuza kuwa nguo na vito.

Mfanyabiashara wa mitumba atakielewa kitendo hicho haraka kuliko mhakiki wa Paris. Kinachotupwa Ulaya hakifi, kinabadilisha mwenyewe. Kompyuta mbovu hushushwa bandarini ikiwa marobota, hufunguliwa, hutolewa shaba na vioo, na kinachobaki hutafutiwa kazi nyingine. Digitaria ni gereji hiyo hiyo, ila imekubali kuota ndoto.

Jiwe na safari yake

Filamu inasema jambo moja ambalo takwimu za madini hulisema kwa sauti ndogo: vifaa vinavyoiunganisha dunia huanzia mikononi mwa watu ambao dunia haiwasikii. Koltani hupatikana Burundi kaskazini, eneo la Kabarore. Hupatikana Rwanda. Zaidi ya yote huchimbwa mashariki ya Congo, ambako machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yanakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantali ya dunia. Machimbo hayo yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024.

Wachimbaji wengi hutumia sururu, koleo na maji ya kuchujia. Jiwe hununuliwa na wachuuzi wadogo, hukusanywa, huvuka mipaka, hupelekwa viwandani Asia, na hurudi likiwa ndani ya simu. Penye miti hapana wajenzi: eneo lenye jiwe ndilo linalonunua kifaa kwa bei ya mwisho, ushuru na faida za watu wote vikiwa vimeshajumlishwa.

Anayeuza simu Rumonge hawezi kuubadilisha mnyororo huo peke yake. Lakini kuna tofauti kati ya kuuza kitu usichokijua na kuuza kitu unachokijua. Kijana aliyetazama kifo cha Tekno hataishika simu yake kama alivyoishika jana. Hadithi ya kusisimua ina uwezo huo, kwa kuwa inakuja wakati mtu amepumzika, milango yake ikiwa wazi.

Si mgeni katika ukoo

Wapo watakaosema hadithi za kisayansi si zetu. Rafu ya vitabu vya Kiswahili inakataa.

Wasomaji waliokuwa vijana miaka ya 1970 na 1980 wanamkumbuka Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, ambaye katika Kikosi cha Kisasi, riwaya ya mwaka 1979, alifuata njama hadi Kinshasa. Wanamkumbuka pia Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwandishi aliyezaliwa mkoa wa Kigoma, jirani kabisa na ufuko huu, na aliyefariki mwaka 2008. Katika Tutarudi na Roho Zetu?, Joram na mwanamke aitwaye Nuru wanaingia katika hatari inayowapeleka hadi Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi. Hatari, mapenzi na siasa ya bara zima vilikuwa tayari ndani ya kitabu kimoja chenye jalada jepesi.

Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alipiga hatua ya kwenda angani. Riwaya yake Walenisi inamfuata Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa kwa kutupwa nje ya dunia ndani ya chombo cha angani. Badala ya kufa, anafika sayari ambayo watu wake wanaishi bila tabaka la wenye nacho na wasio nacho. Jina la sayari likikatwa vipande linasema lenyewe: wale ni sisi. Mkangi aliyaandika hayo akiwa mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka katika utawala wa Moi. Sayari ya mbali ilikuwa njia yake ya kuizungumzia nyumba ya karibu.

Mwaka 2009, Wanuri Kahiu, pia wa Kenya, alitoa Pumzi, filamu fupi ya dakika 20 na kidogo. Humo vita vya maji vimeshapigwa, watu wanaishi chini ya paa lililofungwa, na kila tone la jasho linasafishwa na kunywewa tena. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu, na kutoroka ili kuupanda mche nje.

Watu wa ufuko wa Tanganyika wanaweza kuitazama Pumzi kwa kicheko kichungu. Wao hofu yao imekuwa ya upande wa pili. Katika miaka ya karibuni ziwa lilipanda, likaingia mitaa ya Gatumba na Rumonge, na mwaka 2024 likafika hadi ndani ya bandari ya Bujumbura. Ziwa la kilomita 670 kwa urefu na mita 1,470 kwa kina, linalogawanywa na nchi nne, liliamua kutembea. Aliyehamisha mifuko ya bidhaa usiku kwa sababu maji yamebisha hodi haoni ugumu wa kuiamini hadithi ya dunia iliyobadilika. Anachokosa ni mtu wa kumwandikia hadithi hiyo.

Namna ya kuifurahia

Neptune Frost haifanani na muvi za mapigano za kwenye memori kadi, na anayeingia akitarajia hizo atalalamika. Haina mbio za magari. Watu wake huimba wanapotaka kusema jambo zito, na baadhi ya mazungumzo yamejaa mafumbo. Mtazamaji atulie katika nusu saa ya kwanza, asikilize ngoma za mgodini, aache maswali yajikusanye. Digitaria ikishafunguliwa, yatajibiwa mengi.

Raha yake kubwa kwa mtu wa hapa ni ya sikio. Anayejua Kirundi na Kiswahili hupata utani ambao maandishi ya tafsiri hayaupati. Anayejua Kirundi peke yake atasaidiwa na jirani mwenye Kiswahili, na kinyume chake. Ni filamu ya kutazamwa na watu wengi, mmoja akimweleza mwingine, kama zile zilizosimuliwa.

Wazazi nao wajue mapema kwamba haikutengenezwa kwa watoto wadogo. Ina kifo, ina jaribio la udhalilishaji, na inazungumzia mwili na jinsia kwa uwazi ambao baadhi ya familia za ufukoni zitataka kuujadili kwanza. Kijana wa sekondari anaweza kuibeba, hasa kama kuna mkubwa wa kukaa naye baada ya picha kwisha.

Mzigo ambao haujapakiwa

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na umoja wa forodha miaka miwili baadaye. Congo ilifuata katika Jumuiya mwaka 2022. Kiswahili kinafundishwa katika shule za Burundi, na tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, hotuba zake hazikosekani kila mwaka. Ndagala huvuka mpaka. Mawese huvuka. Saruji, vitenge na godoro huvuka. Riwaya ya Kiswahili ya kumkosesha kijana usingizi ni bidhaa adimu ufukoni.

Matokeo yake yanaonekana. Mtoto wa Magara hukutana na Kiswahili mahali pawili: darasani, ambako ni somo la kufaulu au kufeli, na sokoni, ambako ni chombo cha kupunguziana bei. Lugha inayojulikana kwa mtihani na kwa bei peke yake hubaki kama nguo ya kazi. Mtu huivua akifika nyumbani. Kinachoifanya iwe ya ndani ni kile anachokifanya bila kulazimishwa, na hakuna kinachomshinda kijana kama msako wenye mapenzi ndani yake.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani jambo hili lina upande wa hesabu pia. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya humruhusu mchuuzi mdogo kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa hati rahisi ya uasili wa bidhaa, mradi ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Anayefikiria kuongeza katoni ya vitabu juu ya mzigo wake wa Kigoma aulize kwanza ofisi ya forodha ya mpaka anaoutumia. Kitabu hakiozi kama mukeke na hakivuji kama mawese. Hatari yake ni moja: maji, na mfuko wa nailoni unaitosha.

Kibanda cha kujaza memori kadi nacho kina uamuzi wa kufanya. Kunakili kazi ya Marekani kumezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeona kosa. Kunakili kazi ya rapa wa Burundi au mbunifu wa mavazi wa Rwanda ni kumla mtu wa nyumbani. Msanii aliyeimba kwa Kirundi asipopata chochote kutoka soko la Kirundi, kazi yake inayofuata ataifanyia watu wengine. Biashara halali ya filamu za kanda hii bado ni changa, na atakayekuwa wa kwanza kuleta nakala halali kwa bei ya mvuvi atakuwa na wateja ambao leo hawahesabiwi na mtu.

Dzombo alitupwa angani akakuta jamii nyingine. Asha alitoroka na mche mmoja. Matalusa aliondoka mgodini na huzuni ya ndugu yake. Waandishi na waongozaji wa Afrika Mashariki wameshaonyesha kwamba kesho inaweza kusimuliwa kutoka Nairobi, Mombasa, Kigali na milima ya Burundi. Ufuko wa Tanganyika una ziwa linalotembea, taa zinazogeuza usiku kuwa mji, mpaka unaovukwa kwa mtumbwi na vijana wanaozungumza lugha nne kabla ya kufika miaka ishirini. Hadithi yake ipo. Inangoja mwandishi, na ikishaandikwa itahitaji mtu wa kuipakia mtumbwini.